Mfumo wa kutafuta nyaraka ulisema "Hakuna matokeo", nami nikamwambia mjane hivyo hivyo

Nimesubiri hasira ipoe ndipo niandike. Imekataa kupoa, basi naandika nayo.

Mimi ni mtunza kumbukumbu katika ofisi moja hapa Moshi mjini, si mbali na mnara wa saa. Tunatunza nyaraka za vyama vya msingi vya kahawa: stakabadhi za mapokezi, orodha za malipo ya awali na malipo ya pili, mihtasari ya mikutano. Mkulima akipeleka kahawa yake ya maganda chamani, kilo zake zinaandikwa, na miaka mingi baadaye maandishi yale ndiyo shahidi wake. Kazi hii nimeifanya tangu enzi za makabati ya chuma. Bei ya mfumo na ukubwa wa seva muulizeni muuzaji. Mimi nina jambo moja.

Kipindi fulani baada ya masika alikuja bibi mmoja kutoka Kibosho. Mumewe amefariki, mirathi ipo mahakama ya mwanzo, muhtasari wa kikao cha ukoo anao mkononi, na kuna malipo ya pili ya marehemu ambayo chama hakitayatoa mpaka ionekane stakabadhi. Nikamwamkia, nikampa kiti, nikaandika jina la mumewe. Skrini ikajibu: Hakuna matokeo. Nikaandika namba ya uanachama. Hakuna matokeo. Nikaandika jina la ukoo peke yake, nikabadilisha herufi hapa na pale, maana makarani wa zamani waliandika majina kama walivyoyasikia. Hakuna.

Nikamwambia, "Bibi, samahani, kwetu hayupo."

Akaniuliza, "Hayupo vipi, mwanangu, na kahawa ile nimeibeba mimi kichwani?"

Nauli ya kushuka mjini alikuwa ameikopa. Alirudi tena baada ya wiki kama mbili, na mimi nikamjibu vilevile.

Nikawapigia waliotuuzia mfumo. Kijana aliyepokea hakuniuliza hata ni faili la aina gani. Alisema, "Dada, mfumo hausemi uongo. Kama hakuna, hakuna. Ninyi watu wa mikoani mnapoteza mafaili halafu mnailaumu seva." Akamalizia kwa kunishauri tupige skani upya. Tupige skani nini? Mafaili yale hayakuwahi kuwa picha. Ni maandishi, yaliyochapwa na makarani kwenye programu ya zamani ya mizani, na programu ile inahifadhi kwa aina yake yenyewe ya faili. Ndiyo maana tulilipia filta maalumu, yaani programu ndogo ya kuusomea mfumo mafaili hayo, na walioitengeneza ni haohao waliotuuzia. Neno "mikoani" bado liko masikioni mwangu.

Jioni ile sikwenda nyumbani. Niliwasha kompyuta kuukuu yenye programu ya mizani, nikafungua folda ya chama cha yule bibi, nikaenda faili moja baada ya jingine kwa macho. Nikamkuta. Jina kamili, namba, kilo, tarehe. Nilisimama nikaketi tena. Siku zote zile alikuwepo, na mimi nimemrudisha mkewe Kibosho mara mbili mikono mitupu.

Kwa yeyote anayetumia mifumo ya namna hii, hivi ndivyo nilivyojua kosa liko wapi, na sikuhitaji ufundi. Kwanza nilitafuta kwa jina la faili lenyewe, si kwa maneno yaliyomo. Likatokea papo hapo! Maana yake mfumo unajua kwamba faili lipo, ila haujui ndani yake mna nini. Kisha nikanakili maneno yaleyale, nikayabandika kwenye hati ya Word, nikaihifadhi kwenye folda ileile. Asubuhi nikatafuta jina la marehemu: hati ya Word ikaja, faili halisi halikuja. Maneno yaleyale, folda ileile, aina ya faili ndiyo tofauti. Hapo hapakuwa na cha kubishana. Filta ilikuwa imekufa.

Kijana mmoja wa duka la kompyuta Double Road, ambaye hana mkataba nasi wala hatumlipi, alikuja akafungua logi ya makosa kwenye seva, yaani faili ambamo mashine yenyewe huandika kila kilichoishinda. Hakumaliza hata nusu saa. Tulikuwa tumehamishiwa seva mpya, sikumbuki kama ni mwaka jana mwanzoni au mwaka juzi mwishoni, na mfumo wa utafutaji wa seva hiyo ni wa biti 64. Filta yetu ilikuwa bado ya biti 32. Hizo ni namna mbili za kuunda programu, na programu ya biti 64 haiwezi kuipakia filta ya biti 32 ndani yake, basi kila faili la mizani ambalo mfumo ulilipitia tangu siku ile liliingizwa kwenye faharasa, ile orodha ambayo mfumo hutafutia majibu, kwa jina tu, tumbo tupu. Logi ilikuwa imejaa kosa hilohilo, mstari baada ya mstari. Ilikuwa inapiga kelele muda wote huo mahali ambapo mimi siruhusiwi kuingia, na walioruhusiwa hawakufungua.

Alinieleza pia kwamba filta huendeshwa kando, mbali na moyo wa mfumo, ili ikianguka isiangushe utafutaji wote. Sababu hiyo naielewa na naikubali. Ninachokataa ni maneno yaliyokuwa mbele ya macho yangu. "Hakuna" na "sikuweza kusoma" si kitu kimoja. Karani akiniletea jibu la kwamba jalada halipo, kumbe kabati limemshinda kufungua, huyo karani atanieleza vizuri.

Waliotuuzia walileta filta mpya, tena haraka, hilo niseme kwa haki. Yuleyule kijana wao aliyenijibu mwanzo akapiga simu: "Tayari dada, imekaa sawa." Nikaandika jina. Hakuna matokeo. Kumbe mfumo ukishalipitia faili mara moja unalihesabu limesomwa, na kila usiku unafuata yale yaliyobadilika tu. Mafaili ya mizani hayabadiliki, yamelala miaka. Kuweka filta mpya bila kuagiza usomaji upya wa kila kitu kuanzia sifuri ni kazi bure, na wao wenye bidhaa walipaswa kunitajia wao, si mimi kuwauliza. Usomaji huo ulichukua siku mbili na usiku wake.

Sasa hukumu. Nilipoanza kuandika nilikusudia kusema msinunue kabisa. Lakini siwezi kuficha kwamba ulipokamilika nilichapa jina la marehemu na stakabadhi zake zote zikapangana mbele yangu kabla sijaondoa kidole, hata za msimu ambao mjane wake mwenyewe alikuwa ameusahau. Kazi hiyo zamani ilinila kutwa nzima, vumbi hadi puani. Kwa hiyo nilifuta nikaandika: nunueni, ila kila wiki jaribuni kutafuta neno moja mnalolijua limo ndani ya kila aina ya faili mlilonalo, hasa baada ya kuhamishwa seva.

Hiyo nayo nimeifuta. Kwa nini mimi ndiye niwe mlinzi wa kitu nilichokilipia kinilinde? Nyota moja. Na hiyo moja ni ya yule kijana wa Double Road.

Bibi alikuja kuchukua nakala zake. Nilimwomba radhi, nikamweleza kwamba mashine haikuwa inasoma. Alizikunja karatasi, akazifunga kwenye pindo la kanga, halafu akaniuliza kwa upole kabisa: "Na wenzangu uliowaambia hawapo?"

Tunalo daftari la wageni. Nimelifungua tangu wakati tulipohamishwa seva, ninapiga simu kwa kila aliyekuja kutafuta stakabadhi akaondoka hivihivi. Nimefika jina la kumi na tisa. Namba tano hazipatikani, na moja alipokea mtoto akasema babu alishazikwa.

Kesho naendelea na ukurasa wa watu wa Machame.