Gita la resoneta kwa anayeanza slaidi: tazama shingo kabla ya mng'aro

Gita la resoneta hukuza sauti kwa koni ya chuma iliyo ndani ya mwili wake, na wengi hulipiga kwa slaidi, yaani bomba linaloteleza juu ya nyuzi. Wengi huvutiwa na mwili wa chuma unaong'aa. Cha kuamua kwanza ni shingo. Ya mviringo unaipiga kama gita la kawaida, slaidi ikiwa kidoleni. Ya mraba hulazwa mapajani na kupigwa kwa kipande kizito cha chuma. Nyuzi zake ziko juu mno kuweza kubanwa kwa vidole.

1. Shingo ya mviringo, koni moja ya "biskuti". Anza na hili. Koni ya alumini ya inchi 9.5 inabeba kileleni kibao cha duara, na nyuzi hukaa juu yake. Sauti hutoka kali na kufifia upesi, hivyo noti iliyokosewa haikai ikivuma. Mwili wa mbao ni mwepesi zaidi, nao unatosha kabisa.

2. Shingo ya mviringo, daraja la "buibui". Koni ya inchi 10.5 imegeuzwa kama bakuli, na daraja (kinachobeba nyuzi) la miguu minane limesimama ukingoni mwake. Sauti hudumu zaidi.

3. Shingo ya mraba. Ni ya aliyekwisha kuamua kupiga bluegrass, muziki wa kijijini wa Marekani. Hutuniwa G-B-D-G-B-D, kuanzia uzi wa sita ulio mnene zaidi. Usiihamishie tuni hiyo kwenye shingo ya mviringo yenye nyuzi za kawaida: uzi wa sita unapanda kutoka E hadi G, na mkazo huo unaweza kuipinda shingo.

4. Koni tatu. Kampuni ya National ya Los Angeles ilianza na muundo huu mwaka 1927. Sauti yake ni tamu kuliko zote hapa, lakini bei yake haimfai anayejaribu.

Kama fedha ni chache, gita lolote la nyuzi za chuma pamoja na kipande cha kuinua nyuzi pale kichwani litakufunza mkono vizuri kuliko resoneta mbovu.

Dukani, piga kila uzi kwa nguvu, freti (vyuma vilivyolala shingoni) moja baada ya nyingine hadi ya 12. Mtetemo mbaya kwenye uzi mmoja mara nyingi ni mfereji wake darajani au freti iliyoinuka. Ukisikika kwenye nyuzi zote, shuku koni isiyokaa sawa au skrubu za kifuniko zilizolegea. Kwenye freti ya 12, nyuzi ziwe juu kama milimita 3. Zikiwa chini zaidi slaidi itagonga freti.

Kwenye shingo ya mviringo, weka nyuzi za 13–56 (unene kwa elfu za inchi, kutoka mwembamba hadi mnene). Legeza wa sita, wa tano na wa kwanza kwa toni moja moja: sasa una D-G-D-G-B-D. Slaidi ya kioo kinene, ndefu kiasi cha kufunika nyuzi zote sita, ivae kidole cha mwisho. Iweke juu ya mstari wenyewe wa freti, si nyuma yake, na iguse tu bila kukandamiza. Vidole vilivyobaki vilale nyuma ya slaidi kuzima makelele.

Nyuzi zikichakaa, badilisha mmoja mmoja. Ukizitoa zote kwa pamoja, koni hukosa kinachoibana na huhama mahali pake.