Vyombo vya Kutengenezea Kahawa Baridi ya Kuuza: Kipi Kinunuliwe Kwanza

Anayetaka kuuza kahawa iliyolowekwa kwa maji baridi, awe Kampala, Jinja au Mbale, hahitaji moto wala mashine ya mvuke. Anahitaji chombo safi, chujio, ubaridi na subira ya saa 12 hadi 24. Kwa kuwa mahitaji ni machache, karibu kila chombo dukani huonekana kinafaa, na wanunuzi huishia kukichagua kwa ukubwa wake. Ukubwa si kipimo kizuri. Jambo la kuangalia kabla ya kulipa ni namna machicha yatakavyotoka kahawa ikishalowa.

Nafasi ya kwanza naipa ndoo ya plastiki ya chakula ya lita 20, yenye mfuniko unaobana na mfuko wa nailoni wenye matundu madogo wa kulowekea kahawa ndani yake. Namba 2 au 5 iliyopigwa chini ya ndoo huonyesha plastiki zinazotumika sana kwa vyakula, ingawa namba peke yake haithibitishi kwamba ndoo ilitengenezwa kwa kazi hiyo, hivyo muuzaji aulizwe. Dumu lililobakiwa na harufu ya mafuta ya kupikia lisinunuliwe hata kwa bei ya kutupa, kwa sababu harufu hiyo huhamia kwenye kahawa.

Ndoo moja huzalisha zaidi kuliko inavyodhaniwa. Kahawa iliyosagwa hushika maji yanayokaribia mara mbili ya uzito wake. Kwa hiyo kilo 2 katika lita 16 za maji hutoa takriban lita 12 za kunywa, yaani chupa 40 za mililita 300. Kilo 3 katika lita 15 hutoa takriban lita 9 za kahawa nzito, ambayo ikichanganywa na maji kiasi hicho hicho siku ya kuuza hufikia lita 18, au chupa 60. Kahawa inayotumika kwa kila chupa ni ile ile, lakini ndoo imetoa chupa 20 zaidi na friji imebeba mzigo mdogo zaidi. Ila mfuko wa kilo 3 hutoka ndani ya maji ukiwa na uzito wa kilo 9 hivi, na mfuko wenye mshono mmoja hafifu utapasuka siku moja na kumwaga kila kitu; ulipie mshono uliorudiwa, tena ununue miwili.

Nafasi ya pili ni tangi la chuma cha pua la lita 50 lenye bomba chini na sahani ya matundu juu ya bomba. Kwa ujazo huo, kwa uwiano ule ule wa kilo 3 kwa lita 15, mfuko uliolowa ungekaribia kilo 22, mzigo ambao mtu mmoja hapaswi kuuinua juu ya chakula, na ndipo bomba linapolipa gharama yake. Mafundi wa chuma wa Katwe, mtaa wa Kampala, wanaweza kulitengeneza. Wanunuzi wadai daraja la 304, aina ya chuma cha pua inayotumika sana kwa vyombo vya chakula, na kuchomelea kwa gesi ya argoni, kisha wapitishe kidole ndani ya kila kiungo, maana kiungo chenye vishimo huficha uchafu na baadaye hupata kutu. Sumaku isiyonata si ushahidi wa kutosha, kwa kuwa hata madaraja duni yenye manganizi mengi hayanati.

Mkebe wa maziwa wa chuma cha pua, unaofahamika vizuri kwa wafugaji wa Mbarara, ni wa tatu. Ni imara na husafishika, lakini hauna bomba na shingo yake hubana mfuko uliojaa.

Seti ya kibiashara ya kampuni ya Toddy kutoka Marekani, inayotumia takriban kilo 2.3 za kahawa na kutoa lita 9.5 hivi, imefikiriwa vizuri; naiweka ya nne kwa sababu vichujio vyake hutumika mara moja, na kila kinapokwisha ni lazima kiagizwe tena kutoka nje. Minara ya kioo inayodondosha maji tone kwa tone ni pambo la kaunta.

Pesa zilizookolewa kwenye chombo ziende kwanza kwenye mashine ya kusaga yenye meno, si blenda ya visu, kwa sababu blenda huacha vumbi linalopenya mfuko na kufanya kinywaji kuwa na mashapo. Kisha friza yenye mlango wa juu, iliyorekebishwa kwa kidhibiti joto ibaki chini ya nyuzi 4: umeme ukikatika, hewa baridi haimwagiki nje kila inapofunguliwa kama ilivyo kwa friji ya kusimama. Kinywaji hiki hakijapikwa na uchachu wake ni mdogo, hivyo kikifungwa chupani na kuachwa kwenye joto la kawaida kinaweza kuwa hatari, si kuharibika ladha tu. Kipimajoto kiwekwe ndani ya friza tangu siku ya kwanza, na chupa zilizopoteza ubaridi kwa saa nyingi zimwagwe.