“Mama, ita mwenye ekipe” (yaani mwenye kikosi): uzoefu wangu na fantasi ya mpira hapa Goma

Naanza na hukumu kwa sababu wengine hamtafika mwisho. Fantasy Premier League, mchezo wa kuchagua kikosi cha wachezaji wa ligi ya Uingereza kwenye simu na kupata pointi kwa wanavyocheza uwanjani, naupa nyota tano. Ligi ya pesa inayoendeshwa kwenye kibanda cha mpira cha mtaa wetu siipi hata nusu ya nyota. Na kama umeambiwa mchezo huu unatuliza moyo, umeambiwa kweli, lakini uliza kwanza unaucheza na nani.

Kanuni sizirudii, zimo kwenye programu yenyewe, na kijana yeyote atakueleza bure, tena kwa kelele. Mimi nataka kusema yale niliyoyapitia.

Mimi nashona nguo za kina mama, cherehani yangu iko Birere. Kazi ya mikono inaacha kichwa peke yake. Baada ya ule mwisho wa Januari 2025, vita vilipoingia mjini, jambo ambalo mtu wa Goma hahitaji kuelezwa, kichwa changu kikiachwa peke yake kilirudi kule kule: milio ya risasi, maji hakuna, umeme hakuna, intaneti imekatika, ndugu wa Sake hujui wamelala wapi. Miezi ilipita na mji ukafungua maduka, lakini mimi nililala na nguo za kutokea mwilini na viatu karibu na mlango. Nikisikia pikipiki imepiga mlio kwa nguvu, mkono unatetemeka, sindano inapinda.

Agosti, ligi ilipokuwa inaanza, mtoto wa dada yangu akaniwekea huu mchezo. Mpira si kitu kigeni kwangu. Baba alitupeleka Stade de l'Unité kuangalia DC Virunga tangu tukiwa wadogo, wasichana kwa wavulana. Nilidhani nitacheza wiki moja niache. Lakini baada ya muda nikaona kitu: nikishtuka usiku wa manane, kichwa hakikimbilii tena Januari. Kinauliza nimtoe nani. Kinapiga hesabu. Una pauni milioni 100 za kununulia wachezaji 15, na mimi naona ni kama kitenge kimoja cha yadi sita ambacho mteja anataka kitoshe nguo ya mama na za mabinti wawili: ukikata vibaya kwenye mikono, sketi haitoki. Ukimchukua Haaland, mshambuliaji wa bei kubwa, lazima upunguze kwa mabeki. Ni shida, ndiyo, lakini ni shida yenye jibu. Sisi hapa tumekaa muda mrefu na shida zisizokuwa na jibu.

Halafu ina saa ya kufungwa. Mlango unafungwa dakika 90 kabla ya mechi ya kwanza ya wiki. Jumamosi yenye mechi ya mapema, kwetu Goma ni saa sita mchana, na Waingereza wakisharudisha saa zao nyuma mwishoni mwa Oktoba inakuwa saa saba. (Wageni wengi hukosa hapo, muwe macho.) Kwangu ile saa ya Jumamosi iliipa wiki kichwa na miguu. Jumatatu naangalia nani ameumia, Alhamisi nasikiliza makocha wanasema nini, Ijumaa naamua. Mwaka huo siku zote zilikuwa zimefanana, na sasa Ijumaa ilikuwa Ijumaa tena.

Na mazungumzo yalibadilika. Motari, waendesha pikipiki wa pale kwenye kona, walikuwa na swali moja tu kila asubuhi: “Mama, umesikia nini?” Maana yake umesikia uvumi gani, wapi wamepiga, nani amekimbia. Walipojua nacheza, wakaanza kuniuliza ukapteni nimempa nani. Mtu ambaye hajaishi mji huu hataona kwa nini hilo lilinitoa machozi siku moja nikiwa njiani na mzigo wa vitambaa.

Sisemi ni dawa. Mwenye jeraha kubwa aende kwa wanasaikolojia, wapo kwenye vituo vya afya na kwenye mashirika, na mimi mwenyewe niliwahi kukaa mbele ya mmoja, akanisaidia. Mchezo unaweza pia kukuumiza: ukichukua mshambuliaji wa bei kubwa akakaa benchi, utanuna hadi Jumatano. Lakini ule ununaji ni mwepesi, unaisha. Septemba 2025, siku Yoane Wissa wetu alipoumia goti pale Kinshasa dhidi ya Senegal, mechi ambayo tuliongoza mbili bila na tukafungwa 3–2, niliumia kwa ajili ya nchi kwanza, na kwa ajili ya kikosi baadaye. Kisha nikamtoa. Nampenda Wissa, mtu aliyefunga mabao 19 kwa msimu mmoja akiwa Brentford, lakini aliyeumia hakupi pointi. Wanaume wa kibanda walimwacha kwenye vikosi vyao wiki na wiki kwa uzalendo. Kumbukeni hilo, kwa sababu sasa nafika kwenye jambo lenyewe.

Kibandani kuna ligi. Kila mmoja anaweka dola mbili kwa mwezi, na anayeongoza jedwali la mwezi anabeba zote. Nililipa kama wengine. Mwenye ligi, ambaye ndiye mwenye kibanda, alizipokea dola zangu kwa mkono wake na hakuuliza kitu. Siku za kulipa, mwanamke ni mchezaji.

Msimu huo wenye programu walikuwa wameleta kanuni mpya: beki akifikisha vitendo kumi vya ulinzi katika mechi moja, yaani kuondosha mpira, kuzuia mashuti, kukata pasi, kunyang'anya, anapata pointi mbili, hata timu yake ikifungwa. Wenzangu waliendelea kununua mabeki wa timu kubwa kwa sababu ya majina. Mimi nilikaa na cherehani yangu nikafikiri: beki anayeshambuliwa sana ndiye atakayefanya kazi nyingi. Nikamchukua Marcos Senesi wa Bournemouth, na wenziwe wawili wa bei ya chini. Pointi zikawa zinaingia kidogo kidogo kila wiki, kimya kimya, huku wao wanasubiri mabao. Kabla ya Noeli, jedwali la mwezi mmoja likafungwa na jina langu likiwa juu.

Nikaenda Jumapili jioni. Kibanda kimejaa, kati ya mechi mbili. Nikampa simu aone. Akaangalia simu, akaniangalia mimi, akaangalia simu tena.

“Mama, hii ekipe ni ya nani?”

“Ni yangu.”

“Hapana. Ita mwenye ekipe, franga tutamupa yeye mwenyewe.”

Watu wakacheka. Nikamwambia kwa heshima, “Kaka yangu, mwenye ekipe ndiye mimi.” Akafungua kikosi changu, akaanza kusoma majina kwa sauti, mbele ya wote, kama karani anayesoma mashtaka. Alipofika kwa Senesi akasimama. “Mwanamke hawezi kumujua huyu. Hata sisi hatumujui.”

Niliisikia vizuri. Hata sisi hatumjui! Ujinga wake ndio ukawa ushahidi dhidi yangu. Nikaanza kumweleza ile kanuni ya vitendo kumi, akanikata. Akataka namba ya mume wangu. Mume wangu ni mtu wa basketi, hawezi kukutajia wachezaji watatu wa Uingereza, na hata angekuwa anawajua, kwa nini apigiwe simu yeye kuhusu kazi ya kichwa changu? Nilikataa. Mzee mmoja aliyekaa nyuma alisema, “Mpeni mama pesa yake,” wakamnyamazisha. Dola wakampa kijana wa nafasi ya pili, naye akazipokea akiangalia chini. Usiku nikaandika kwenye kundi la ligi, maneno machache, bila tusi. Kabla sijaweka simu chini nilikuwa nimeondolewa kwenye kundi, na asubuhi nikakuta nimetolewa na kwenye ligi yenyewe.

Magnus Carlsen, aliyekuwa bingwa wa dunia wa chesi wakati huo, aliwahi kushika namba moja duniani katika mchezo huu huu, Desemba 2019, juu ya mamilioni ya watu. Hakuna aliyemwambia amwite mwenye ekipe. Kila uhamisho niliofanya uko wazi, wiki kwa wiki, mtu yeyote wa ligi angeweza kuufungua akausoma. Yule bwana alikuwa na ushahidi wote mkononi na akachagua kuangalia nguo niliyovaa.

Usiku huo nililala macho. Dola si nyingi kiasi hicho, ingawa ni zangu. Kilichoniuma ni kwamba kwa miezi ile nilikuwa nimepata mahali ambapo hakuna anayeniuliza wewe ni nani, umetoka wapi, uko upande gani, mume wako ni nani. Katika mji huu tumechoka kuulizwa hayo. Programu iliniuliza kikosi tu. Kibanda kikanirudisha kwenye mlolongo wa kujieleza.

Kwa hiyo zile nyota tano za hapo juu nazipunguza. Nikiandika hapa hasira inapanda, na naona mchezo wenyewe una kosa: aliyefungua ligi ya binafsi ana uwezo wa kukutoa anapotaka, na wewe huna mahali pa kwenda kulalamika. Mtu mwenye moyo uliochoka anaingia humo kupumzika, na kumbe ufunguo uko kwa mtu kama yule. Nyota tatu. Hapana, mbili, na wanawake wa Goma nawaambia msikanyage pale.

Lakini siwezi kuacha neno hilo lisimame hivyo, kwa sababu si la kweli lote. Pointi zangu hakuzifuta, hana uwezo huo. Bado nilikuwa kwenye ligi ya nchi, ile ambayo programu inakuingiza yenyewe ukijiandikisha kama mtu wa Kongo, na humo jina langu lilikuwa juu ya lake. Wiki iliyofuata nilifungua simu Ijumaa nikabadilisha mchezaji mmoja, na kwa muda ule wa kufikiri nilikuwa mzima. Wateja wangu wawili na mwalimu mmoja jirani wamejiunga nami kwenye ligi isiyo na pesa. Mwalimu ananishinda, na ananieleza kwa nini, na tunacheka. Usingizi umerudi, si wote, ila viatu viko chini ya kitanda sasa.

Basi nyota nne. Ya tano ninaishikilia hadi nilipwe. Yule bwana anapita mbele ya cherehani yangu karibu kila siku, anajua ninapokaa, na bado namdai.