Nani Kamuua Rosie Larsen? Nimemaliza Sizoni Nzima, Muuaji Simjui

Naanza na onyo: humu ndani muuaji anatajwa. Kama hujaitazama The Killing ya Marekani na hupendi kumaliziwa uhondo, ishia hapa.

Tamthilia hii ilianza kurushwa na kituo cha AMC Aprili 2011, na tangazo lake lilikuwa swali: nani alimuua Rosie Larsen? Mimi nimechelewa mno, nimeiona juzijuzi baada ya dada yangu kuisifia weee, mvua ya Seattle sijui nini, na yule mpelelezi mwanamke asiyecheka, Sarah Linden. Kwa hayo hakunidanganya. Mwanzo wake ni kazi ya watu wanaojua wanachofanya. Binti wa shule anakutwa amekufa ndani ya buti la gari lililozama ziwani, na gari lenyewe ni la kampeni ya Darren Richmond, mwanasiasa anayewania umeya. Baba wa marehemu anafika pale ziwani huku akiwa na mkewe kwenye simu. Mkewe haambiwi kitu. Anasikia tu mumewe akipiga ukelele, basi anaelewa. Nilisimamisha picha kwanza nikapumua.

Kila sehemu ni kama siku moja ya upelelezi, na ziko 13. Tatizo lilianza nilipogundua mtindo. Wanatafutwa watuhumiwa, tunapewa ushahidi unaoelekea kumfunga kabisa mmoja wao, halafu siku mbili tatu baadaye, aah, kumbe siye. Kuna video iliyopigwa kwenye chumba cha chini cha shule inayowatia matatani vijana wawili. Kumbe msichana anayeonekana humo si Rosie, ni rafiki yake. Akafuata mwalimu, Bennet Ahmed. Huyu tulikaa naye sana. Kila anachofanya kinatia shaka, mkewe mjamzito naye haeleweki, hadi baba wa Rosie anamchukua na kumpiga nusura amuue. Kumbe mwalimu alikuwa akimsaidia msichana mwingine aliyekuwa na shida kwao. Sawa, kipigo kile kina uzito, na kinamwandama baba mtu. Lakini upelelezi wenyewe ulikuwa umerudi sifuri, na mimi muda wangu umekwenda.

Kona ya hadithi ikiwa nzuri inakurudisha nyuma: unakumbuka neno fulani, jicho fulani, unasema kumbe ndiyo maana! Hizi za hapa hazikurudishi popote. Zinafuta tu. Ile video, baada ya kujulikana si Rosie, haina tena kazi yoyote. Ungeweza kuikata na kisa kisipungukiwe na kitu.

Sasa tuje kwenye sehemu ya mwisho ya sizoni, iliyoonyeshwa Juni 2011, maana hapo ndipo watazamaji wa Marekani walipochachamaa, na nimewaelewa. Richmond anakamatwa. Ushahidi uliomtia ndani ni picha ya kamera ya darajani, iliyoletwa na Stephen Holder, mpelelezi mwenzake Linden. Linden tayari yuko ndani ya ndege na mwanawe, anahama mji, anapigiwa simu: kamera za daraja lile hazikuwa zikifanya kazi usiku ule. Picha ni ya kughushi. Papo hapo tunamwona Holder akiingia kwenye gari la mtu na kumwambia picha imefanya kazi. Wakati huohuo rafiki wa familia ya marehemu anamwelekezea Richmond bastola. Giza. Majina ya waigizaji yanapanda.

Kutotajwa muuaji ningekuvumilia. Kilichonikera ni Holder. Ndiye aliyekuwa roho ya tamthilia, mropokaji, aliyewahi kuwa mtumiaji wa dawa za kulevya, na urafiki wake na Linden ulijengwa polepole kwa sigara na vyakula vya garini. Wakaugeuza kuwa usaliti ndani ya dakika moja ili nirudi mwakani. Na sizoni ya pili ilipofunguka wakalainisha: Holder naye alichezewa na wakubwa. Yaani hata usaliti wenyewe hawakuusimamia! Hapo nilijiona nimepigwa changa la macho.

Ajabu ni kwamba jibu, lilipokuja Juni 2012 baada ya sehemu nyingine 13, ni zuri. Jamie, meneja wa kampeni, ndiye aliyempiga Rosie na kumtia kwenye buti. Lakini aliyeliachia gari lile litumbukie ziwani ni Terry, mama mdogo wa Rosie, bila kujua ndani yumo nani, kwa sababu ya mwanamume aliyemwahidi maisha mapya. Na Terry ndiye tuliyemwona muda wote huo pale nyumbani akiwalea wadogo zake marehemu! Hiyo ndiyo kona. Nilirudia matukio yake kadhaa ya sizoni ya kwanza na kila moja lilinichoma upya. Jibu la namna hii linawekwaje kabatini mwaka mzima?

Wadenmaki, wenye hadithi ya asili, Forbrydelsen ya 2007, walitumia sehemu 20 kwa mauaji yale na wakamtaja muuaji wao ndani ya sizoni hiyohiyo. Ni mtu mwingine kabisa, kwa hiyo kujua wa Marekani hakukuharibii.

Sizoni ya tatu ina kesi mpya, na muuaji ni Skinner, bosi wa Linden na mpenzi wake. Nilimhisi mapema, ila Holder humo ni mtamu kweli.

Sizoni ya kwanza peke yake naipa nyota mbili kati ya tano. Ukiiunga na ya pili, tatu na nusu. Kwa hiyo hakikisha unazo zote mbili kabla hujaanza, na ukifika kwenye ile ndege, usilale, fungua inayofuata palepale.