Dogo wa kibandani kanifutia mabinti wote

Nianze na dogo, gemu litafuata. Dogo mwenyewe ndiye anayesimamia kibanda cha gemu huku Mwanga, Kigoma. Sitaji ni kibanda kipi, wenye kujua wameshajua. Kafuta sevu yangu ya BioShock, yaani kumbukumbu ya pale nilipofikia kwenye gemu hilo. Siyo sevu ya juzi, ni ya wiki kadhaa, ya buku juu ya buku, ya kutoka kazini na njaa yangu na kupitia pale kwanza kabla ya nyumbani. Mabinti zaidi ya 10 nilikuwa nimeshawaokoa mle chini ya bahari, mmoja mmoja, kwa risasi za kuokoteza sakafuni. Dogo kabonyeza mara mbili, wamekwenda.

Mke wangu ameshanisema kwamba mtu mzima hakasirikii mambo ya kwenye runinga. Sawa. Lakini yeye hakuwepo.

Kwa ambaye hajalicheza: ni gemu la zamani kidogo, lilitoka 2007, na kwenye PlayStation 3, ambazo ndizo bado zinasukuma maisha vibandani kwetu, lilifika mwaka uliofuata. Ndani ya gemu mwaka ni 1960. Ndege inaanguka katikati ya Atlantiki, unaibuka kwenye maji yanayowaka moto, na mbele yako kuna mnara wa taa umesimama peke yake, nchi kavu hakuna. Unaingia, unashuka na chombo cha chuma cha mviringo, na kule chini, kupitia dirishani, unauona mji. Maghorofa, matangazo ya taa za rangi, nyangumi anakatiza kati ya majengo kama daladala iliyokosa abiria. Mara ya kwanza kufika hapo nilisahau kabisa kuwa muda nimeulipia.

Mimi ni mtoto wa ziwa, nimekulia Kibirizi. Usiku wa giza wavuvi wa dagaa wakishawasha taa zao kule mbali, ukikaa mlimani unaweza kuapa kwamba kuna mji umetandazwa juu ya Tanganyika. Bibi alikuwa akitutisha kwamba chini ya ule kuna mwingine, na watu wake hawapendi watoto wanaoogelea jua likizama. Ziwa lina kina cha mita 1,470, nani angekwenda kuhakikisha? Na hapa hapa kwetu meli ilishawahi kuzamishwa na wenyewe ikaibuka: Liemba, Wajerumani waliizamisha 1916 wasiwaachie maadui, Waingereza wakaja kuinyanyua 1924, ikasafishwa matope na kupakia abiria miaka na miaka. Kwa hiyo chuma kilicholala majini hakinipi mshangao wa mtu wa Dodoma. Rapture, ndilo jina la mji ule, niliingia kama mtu anayerudi mahali alikosimuliwa.

Na maji wameyaweza mpaka inaudhi. Yanachuruzika ukutani, yanadondoka darini, kioo kinalia kama kinataka kukuachia bahari yote kichwani. Siku moja kibandani mvua ikapiga juu ya bati na paa likavuja kweli, tone likanidondokea shingoni wakati huo huo nafungua mlango wa wodi ya daktari mwendawazimu wa kule, Steinman, anayepasua watu sura akitafuta uzuri. Nilipiga kelele. Mtu mzima mbele ya watoto wa darasa la sita. Tusiongee zaidi.

Mji ulijengwa na tajiri anaitwa Andrew Ryan, aliyechoka na serikali, kodi, dini na kila anayenyoosha mkono kwenye jasho la mwingine. Akauzamisha chini kusudi asifikiwe, akapiga marufuku kuwasiliana na watu wa juu. Sasa nenda kwenye gati lao la samaki, wanaliita Neptune's Bounty, utacheka kama una akili ya Kibirizi. Marufuku ya Ryan ndiyo iliyozaa magendo! Mwenye biashara ya samaki, Fontaine, anapitisha mali kwa nyambizi, na kati ya vitu vinavyopitishwa kwa siri kuna Biblia. Mtu amekulia pembeni ya maboti ya Burundi na Kongo, ameona kitenge kinavyoshuka usiku, unamweleza nini kuhusu soko huria? Sehemu ile niliizunguka mara tatu bila sababu. Mpaka uvundo wa samaki niliusikia, ingawa nao huenda ulitoka nje.

Tatizo la watu wa Rapture ni dawa. Kuna kitu kinaitwa ADAM, kinabadilisha mwili: unarusha umeme kwa kidole, unawasha moto kwa kupiga vidole. Wamekitumia mpaka wameoza sura na akili, ndio hao wanaokurukia gizani wakiimba. Na kitu chenyewe kinabebwa na watoto wa kike, wadogo, wenye macho ya kung'aa, wanaozunguka na sindano wakifyonza maiti. Kila mtoto ana mlinzi, jitu limevaa nguo ya mpiga mbizi, mara nyingi mkononi keekee kubwa. Kiingereza wanamwita Big Daddy. Kibandani wanamwita Baba Mkubwa, na sijasikia tafsiri nzuri kuliko hiyo. Baba mkubwa si ndivyo alivyo? Haongei, anaguna, ukipita pembeni hakutazami, ila umguse mtoto wa mdogo wake, utajua ukoo una wenyewe.

Ukishamwangusha Baba Mkubwa unabaki na mtoto anayelia. Hapo unaulizwa: umkamue afe upate ADAM 160, au umwokoe upate 80. Mimi nina binti wa miaka sita. Nilikuwa naokoa. Wala sikuwa nafikiri.

Sasa usiku wenyewe. Ilikuwa mbalamwezi, mwezi umejaa, na anayeijua Kigoma anajua maana yake: taa haiwavuti dagaa kukiwa na mwanga, wavuvi hawaendi ziwani, vijana wote wako mitaani na hela ya mwisho mfukoni. Kibanda kimefurika. Mimi niko kwenye skrini kubwa, nimepita kwa yule msanii kichaa Sander Cohen anayewapaka watu plasta wakawa sanamu, nimefika kwenye mitambo ya joto inayoendesha mji, mlango wa Ryan uko hapo mbele. Dogo akanijia kwa adabu ambayo sijawahi kuiona kwake.

"Bro, fanya hisani, wapishe hawa mechi moja tu. Wametoka Katonga, wameshalipa."

Nikasevu. Nikasimama. Nikaenda kula migebuka ya kuchoma ng'ambo ya barabara, moyo mweupe.

Narudi, hakuna mechi moja, kuna ligi. Nikasubiri. Zamu yangu ilipofika natafuta gemu langu, silioni. Natafuta sevu, sioni.

"Dogo, BioShock iko wapi?"

"Nafasi ilijaa bro. Mpira ulikuwa unadai nafasi, nikafuta yale yasiyochezwa."

"Yasiyochezwa? Si nimetoka kulicheza sasa hivi!"

"Lile la giza giza unalicheza peke yako. Mpira ndio unalisha kibanda. Disiki ipo, utaliingiza upya."

"Na sevu? Na wale watoto wote?"

Akanigeukia, pedi bado mkononi. "Kwani wale watoto ni wa kwako?"

Kibanda kizima kilicheka. Na wale wa Katonga, niliowapisha mimi.

Nikaenda kwa mwenye kibanda, mama mmoja wa heshima anayeuza mawese hatua chache tu. Shikamoo mama, marahaba mwanangu, nikamweleza kisa chote kuanzia ndege ilipoanguka. Alinisikiliza vizuri, namshukuru. Mwisho akauliza: "Hicho alichokifuta, mwanangu, dukani kinauzwa shilingi ngapi nikulipe?" Nikakosa jibu. Akaagiza nipewe nusu saa ya bure. Nusu saa! Hiyo inatosha kuanguka na ndege na kutafuta spana.

Ilibidi niishie hapo, nitoe nyota moja, nilale. Sikuweza. Vibanda vingine vyote nilivyozunguka ni mpira mtupu. Nikarudi kulekule, nikabandika karatasi pembeni ya runinga, USIFUTE BIOSHOCK, nikaanza upya. Bila kumsalimia dogo, isipokuwa kwa lazima.

Mara ya pili gemu linaonekana uchi, na lina kasoro ambazo mapenzi yalinificha. Kila mashine ukitaka kuidukua unaanza kuunganisha vipande vya bomba maji yasimwagike. Kila mashine! Nilienda chini ya bahari kuwa fundi bomba? Na kufa hakuna maana, unafufuliwa kwenye kile kibanda cha kioo na adui yako bado ana majeraha uliyomwachia, unarudi kummalizia kama mtu aliyetoka chooni mara moja. Hofu yote ya mwanzo inapungua hapo. Nilishaanza kusema moyoni, ah, kumbe nalilia kitu cha kawaida.

Halafu nikafika kwa Ryan. Ambaye hajacheza aruke mpaka pale nitakapomrudia dogo.

Tangu unashuka mjini kuna mtu anakuongoza kwa redio koli, Atlas, sauti nzuri, ana mke na mtoto wamenaswa, anakuomba hiki na kile. Kila akiomba jambo zito anatanguliza neno la Kiingereza ambalo kwetu lingekuwa kama "kwa hisani yako". Kwa hisani yako tafuta mtaimbo au chochote. Kwa hisani yako nenda kamuue Ryan. Nilimwona mtu mwenye malezi. Kumbe hilo neno ndiyo kamba. Wewe wa ndani ya gemu umefundishwa toka utotoni kwamba ukilisikia unatii, huna hiari, na hata ile ndege hukuipanda kwa akili yako. Ryan anakuonyesha kwa kukuamrisha, kaa, simama, kimbia, huku pedi imekufa mkononi, hubonyezi kitu kikakubali. Kisha anakukabidhi fimbo yake ya gofu na kukuamuru umuue, na unampiga, na unaendelea kumpiga, mikono yako hiyo unaitazama.

Niliweka pedi chini. Fanya hisani, wapishe hawa mechi moja tu. Na mimi nikasimama! Nikasema asante! Nikaenda kula samaki! Ningemkuta dogo karibu dakika ile sijui ningemfanya nini, lakini alikuwa ameenda kununua luku ya umeme.

Kwa hiyo nyota ngapi? Nilisema moja. Kwa eneo lile peke yake ningetoa zote na za kukopa. Ila sina budi kusema, baada ya Ryan gemu linachoka. Unatumwa kukusanya viungo vya kujigeuza Baba Mkubwa mwenyewe, unamsindikiza mtoto akifyonza maiti huku unamlinda, na adui wa mwisho ni pande la mtu kama sanamu iliyopakwa mafuta, unalipiga mpaka linachoka. Baada ya kuambiwa kwamba utumwa wako wote ulikuwa neno moja, ndiyo mwisho huo? Nne. Hapana, tatu na nusu. Lakini mabinti niliowaokoa (wote 21 safari hii, nilihesabu) walikuja kwenye ile sinema ya mwisho wamekuwa watu wazima, wakaushika mkono wangu nikiwa kitandani mzee, na kibandani kukawa na vumbi jingi ghafla. Nne basi. Kibanda sifuri.

Juzi nikapita tu, sikuwa na nia ya kucheza. Nikamkuta dogo peke yake, kibanda kitupu, wavuvi wameshakwenda ziwani, kakaa kwenye skrini kubwa na taa kazima. Analicheza. Yuko gati la samaki. Baba Mkubwa kalala, mtoto analia, na dogo hakusita hata kidogo: kamkamua.

"Dogo! Mbona unaua mtoto?"

"Bro, ukiokoa 80, ukikamua 160. Hesabu ndogo tu hiyo."

Nikamweleza, kwa upole kabisa, kwamba ukishaokoa watatu yule mama anayewalea anakutumia zawadi, na ndani yake kuna ADAM 200. Akasimamisha gemu. Akatoa simu, akapiga hesabu ya watatu watatu, mimi nasubiri aone aibu.

"Wewe 440, mimi 480," akasema. "Bado nakuzidi 40."

Karatasi yangu bado imebandikwa pale pale. Sevu yake iko chini ya yangu kwenye orodha, nimeiona, na jioni huwa anatoka kununua luku.