Kusubiri M4 au Kununua M3: Uzoefu Wangu na MacBook Air

Mwezi Mei 2024 Apple ilizindua prosesa ya M4, yaani chipu kuu inayoendesha kompyuta, ndani ya iPad Pro, ilhali kompyuta mpakato ya MacBook Air yenye M3, prosesa ya kizazi kilichotangulia, ilikuwa imetoka Machi ya mwaka huo huo. Kwa sisi tuliokuwa bado na MacBook Air ya M1, ile iliyotangazwa Novemba 2020, uamuzi uligeuka mgumu: M3 ilikuwa dukani, mpya kabisa, na papo hapo ilikwisha kujulikana kwamba inayofuata iko njiani. Nilichagua kusubiri, na tangu nilipoipata MacBook Air ya M4, iliyoanza kuuzwa Machi 2025, ndiyo kompyuta mpakato ninayoifanyia kazi zangu zote. Naandika haya kwa ajili ya mtu aliyesimama kwenye njia panda hiyo hiyo, kwa kuwa faida niliyoipata katika kusubiri haikutoka mahali ambapo matangazo yalikuwa yakielekeza macho yetu.

Kazi yangu ni kuhariri video hapa Mombasa: harusi, mafunzo ya mashirika na mahojiano marefu. M1 haikuwa imechoka hata kidogo. Prosesa yake yenye viini 8, yaani sehemu nane zinazofanya kazi kwa pamoja, ilikata na kuunganisha picha za 4K bila kusita, na umeme ulipopotea mchana betri yake iliniwezesha kuendelea bila wasiwasi. Kilichokuwa kimebana ni RAM ya GB 8, ile kumbukumbu ya muda inayoshika kazi zilizofunguliwa. Nikifungua mradi wenye kamera mbili, pamoja na kivinjari chenye kurasa kadhaa na WhatsApp ya kuzungumza na mteja, ile grafu ya RAM katika Activity Monitor, programu ya Mac inayoonyesha mzigo wa kompyuta, huacha rangi ya kijani na kuwa ya manjano, dalili kwamba RAM imebanwa, na hapo kompyuta huanza kuitumia SSD, yaani hifadhi yake ya mafaili, kuziba pengo la RAM. Kazi haisimami, lakini kila unapohama kutoka programu moja kwenda nyingine kuna kungoja kidogo, na ukikujumlisha kungoja huko kwa kutwa nzima utaona ni muda mwingi uliopotea. Jambo la pili lilikuwa skrini, kwa maana M1 huendesha skrini moja tu ya nje, nami nilihitaji mbili: moja ya picha, nyingine ya mstari wa kuhariria.

Nilipoyaweka mahitaji hayo mawili mbele yangu, historia ya chipu hizi ilisomeka kwa namna tofauti. M1 ina transista, zile swichi ndogo mno za ndani ya chipu, bilioni 16, M2 ya mwaka 2022 ina bilioni 20, M3 bilioni 25 na M4 bilioni 28. M2 iliongeza uwezo wa kushughulikia video za ProRes, umbizo la Apple la kuhariria, ndani ya chipu yenyewe, na M3 ikaongeza uwezo wa kusoma video za AV1, umbizo la kubana video. Hayo ni maendeleo ya kweli. Lakini RAM ya kuanzia, yaani ya toleo la bei ya chini kabisa, ilikuwa GB 8 katika M1, ikabaki GB 8 katika M2, na ikawa GB 8 tena M3 ilipotoka. Aliyetazama namba ya prosesa peke yake aliona vizazi vitatu vya maendeleo. Mimi niliona GB 8 mara tatu. M3 ilileta skrini mbili za nje, ila kwa sharti kwamba kifuniko cha kompyuta kifungwe, jambo ambalo kwangu lilimaanisha kununua kibodi na kipanya na kuikosa skrini yenyewe ya kompyuta.

Wala upya si ahadi ya kasi katika kila kiungo. MacBook Air ya M2 yenye hifadhi ya GB 256 ilitengenezwa na chipu moja ya hifadhi badala ya mbili, na wapimaji walionyesha kwamba SSD yake ilisoma data kwa karibu nusu ya kasi ya ile ya M1. Kwa mtu ambaye RAM yake imejaa na kompyuta inategemea SSD, hilo si jambo dogo. M3 ilirudisha chipu mbili.

Kilichobadilisha hesabu yote kilikuja tarehe 30 Oktoba 2024, na hakikuwa prosesa: Apple iliongeza RAM ya kuanzia ya MacBook Air za M2 na M3 hadi GB 16 bila kupandisha bei. Kabla ya hapo, M3 ya inchi 13 iligharimu dola 1,099 kwa bei ya Marekani ikiwa na GB 8, na kufika GB 16 kuliongeza dola 200. Machi 2025 ikaja M4 yenye GB 16 kwa dola 999. Kwa hiyo aliyehitaji GB 16 na akanunua katikati ya mwaka 2024 alilipa dola 300 zaidi ya yule aliyengoja hadi M4. Bei za huku kwetu zina mambo yake, lakini tofauti hiyo ilionekana hata hapa.

Sasa niiseme M4 yenyewe. Grafu ya RAM iko kijani karibu wakati wote, hata nikiwa na mradi wa kamera mbili na kila kitu kingine kimefunguliwa, na hilo ndilo badiliko ninaloligundua kila siku. Skrini mbili za nje zinafanya kazi huku kifuniko kikiwa wazi, kwa hiyo ninazo tatu. Viini vimekuwa 10, na klipu fupi ya kumtumia mteja hukamilika upesi kuliko zamani, ila nakiri kwamba wakati wa kukata na kupanga picha, mikono yangu haioni tofauti kubwa kati yake na M1.

Jambo ambalo hakuna prosesa mpya iliyolitatua ni joto. MacBook Air, tangu M1 hadi M4, haina feni. Joto hutoka kupitia mwili wake wa alumini, na Apple yenyewe inaelekeza itumike mahali penye nyuzi 10 hadi 35 za Selsiasi. Msimu wa kaskazi, chumba kinachopigwa na jua la alasiri Mombasa hukikaribia kikomo hicho kabla hata kompyuta haijawashwa. Nikitoa video ya mahojiano ya saa nzima wakati huo, yaani kompyuta ikiunda faili la mwisho la kumpa mteja, mstari wa maendeleo huanza kwa mbio, kisha baada ya dakika kadhaa ile sehemu ya juu ya kibodi, karibu na bawaba ya skrini, huwa ya moto kiasi kwamba kidole hakitulii hapo, na mwendo hupungua waziwazi. Kazi hiyo hiyo ikifanywa usiku, au msimu wa kusi, huenda sawasawa mwanzo hadi mwisho. Nimezoea kuiondoa kompyuta juu ya kitambaa cha meza na kuiegemeza juu ya vibao viwili ili hewa ipite chini, na video ndefu nazitoa baada ya Isha. Anayetoa video ndefu kila siku katika pwani yetu aiulizie feni kabla ya kuuliza namba ya prosesa: MacBook Pro ya inchi 14 yenye M4 inayo feni na ilianza na GB 16, ingawa bei yake ya kuanzia ilikuwa dola 1,599.

Kuna tahadhari moja kwa anayenunua M3, ile iliyoitangulia M4. M3 yenye GB 8 na M3 yenye GB 16 zina jina moja na umbo moja, na zote mbili bado zinazunguka madukani. Omba iwashwe mbele yako, fungua About This Mac, dirisha linaloorodhesha sifa za kompyuta, usome RAM kwa macho yako kabla ya kutoa pesa, kwa kuwa RAM ya kompyuta hizi haiongezeki baadaye.

Oktoba 2025 M5 ilitoka, ikiwa na MacBook Pro ya inchi 14, na swali la kusubiri likaanza kuulizwa upya. Mwenye M3 au M4 ya GB 16 anayefanya kazi kama zangu sioni anachokosa. Mwenye M1 ya GB 8 ambaye grafu yake iko manjano kila siku, MacBook Air yoyote ya GB 16 atakayoipata kwa bei nzuri itamfaa leo, asingoje. Na mwenye M1 ya GB 16 anayetosheka na skrini moja ya nje, kompyuta yake bado inakubaliwa na macOS Tahoe, toleo la mwaka 2025 la mfumo endeshi wa Mac. Abadilishe betri ikiwa imechoka, aendelee nayo.