Huduma ya ethi kwenye mchanga wa Mbezi Beach

Nyumba yetu iko juu ya mchanga mkavu, na nondo ya ethi (ya kupeleka umeme wa hitilafu ardhini) ya mita 1.2 aliyoifukia fundi wa awali ilipopimwa Februari, katikati ya kiangazi, ilionyesha ukinzani wa omu 140, na kadiri ukinzani unavyokuwa mkubwa ndivyo umeme huo unavyopita kwa shida. Mafundi niliowaita safari hii walianza kwa kuupima udongo wenyewe kwa vijiti vinne, jambo ambalo wengi hulipuuza, wakaeleza kwamba mchanga hupitisha maji upesi na ukikauka huuzuia umeme, tofauti na mfinyanzi unaotunza unyevu. Kwa hiyo walishindilia nondo mbili za mita 3, zikafika kwenye tabaka lenye unyevu, wakaziachanisha zaidi ya mita 3 ili zisigombanie udongo uleule, na kuzizungushia bentonaiti, aina ya mfinyanzi. Nilipendekeza chumvi, kama tulivyozoea. Walikataa, kwa kuwa mvua huiosha na yenyewe huila nondo. Kipimo kilishuka hadi omu 9. Bei yao ni kali, na ripoti ya vipimo niliidai mara tatu kabla ya kuipata, lakini kazi yenyewe sina la kuilaumu. Masika yakiisha nitawaita wapime tena.